Kutuliza kelele, joto na vumbi kwenye milango ya Land Cruiser mkonga na Land Rover za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni kwa wenye Land Cruiser za mfululizo wa 70, yaani hardtop, mkonga (lenye bomba la kuvutia hewa lililopanda pembeni ya kioo cha mbele) na pikapu, hasa zile za injini ya 1HZ, pamoja na wenye Land Rover Defender na zile 109 za kale zilizobaki. Ndiyo magari yanayopandisha watalii Ngorongoro, yanayofikisha chanjo vijijini na yanayovuta trela za mazao masika. Mwenye Patrol au Pajero ya zamani naye atapata cha kumfaa.

Kuna jambo moja litakalojirudia tangu mwanzo hadi mwisho: mlango wa gari la zamani kwanza uwe mkavu, usiwe na kutu, na ufunge sawasawa. Vifaa vya kuzuia kelele huja baada ya hapo. Vikitangulia, vinaficha uozo.

Nikitengeneza milango peke yake, gari litatulia?

Litatulia, ila usitarajie utulivu wa gari dogo la saluni. Mngurumo wa 1HZ, dizeli ya silinda 6 yenye lita 4.2 iliyoanza kufungwa kwenye magari haya mwaka 1990, unapita zaidi kwenye ukuta ulio kati ya injini na dashibodi, na kwenye sakafu juu ya giaboksi. Matairi ya kashata yanavuma kupitia chesesi na sakafu. Upepo unapiga kwenye kioo cha mbele, kwenye keria na kwenye ule mkonga wenyewe.

Mlango unaleta mambo yake matatu: bati lake linatetemeka, linapitisha sauti ya nje, na mipira iliyochoka inaacha upenyo unaopitisha upepo na vumbi. Hayo ndiyo utakayoyamaliza. Kama kinachokusumbua ni injini peke yake, fedha yako iende kwanza sakafuni na kwenye ukuta wa injini. Kama ni kelele ya upepo, ya magari mnayopishana, mtikisiko wa vyuma na vumbi, anza na milango. Mimi humshauri karibu kila mtu aanze na milango hata hivyo, kwa sababu iko pembeni ya sikio, inafunguka kwa vifaa vya kawaida, na kwa gari la umri huo lazima ifunguliwe tu ili ionekane hali ya ndani.

Kwa nini mlango wa zamani unalia "paa!" ukifungwa?

Bati la nje ni pana, jembamba, na limeshikwa kingoni tu. Katikati liko huru kama ngozi ya ngoma. Nenda ukaligonge kwa kifundo cha kidole, katikati, chini ya kioo: utasikia sauti inavuma na kuendelea. Kisha gonga karibu na bawaba. Pale sauti ni fupi, inakufa papo hapo. Tofauti hiyo ya sauti mbili ndiyo kazi yote ya karatasi za kutuliza mtetemo: kulifanya bati la katikati lilie kama la karibu na bawaba.

Uzee unaongeza yake. Kitasa kimelika, mpira wa mlango umekakamaa kwa jua, na vile vibanio vidogo vya plastiki vinavyoshika fimbo za kitasa ndani ya mlango vimekatika, kwa hiyo fimbo zinagonga bati kila gari linapopita kwenye barabara ya changarawe yenye vijituta.

Nianze na nini?

Anza na maji.

Mbona ndani ya mlango wangu kuna maji, na kioo kinafunga vizuri?

Watu wengi hawaelezwi hili, na ndilo la maana kuliko yote hapa. Mlango wa gari haukutengenezwa uzuie maji yasiingie ndani yake. Ulitengenezwa uyapokee na kuyatoa. Mvua ikinyesha, maji yanateremka kwenye kioo. Ule mpira wa nje unaofuta kioo unazuia sehemu tu, na kwa gari lililokaa juani miaka 20 hauzuii hata hiyo sehemu. Yanayopita yanateremka upande wa ndani wa bati la nje, yanafika chini, na yanatoka kwenye matundu madogo yaliyo ukingo wa chini wa mlango.

Kati ya njia hiyo ya maji na kiti chako kuna ukuta mmoja: karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwenye bati la ndani, nyuma ya kava ya mlango. Sehemu ya chini ya nailoni hiyo huingizwa ndani ya mlango ili tone likiigusa lirudi lilikotoka. Sasa, magari haya yameshafunguliwa milango mara nyingi. Alikuja fundi wa mashine ya kioo, akaja wa kitasa, akaja wa redio. Nailoni ilichanwa mara ya kwanza, ikabandikwa kwa selotepu mara ya pili, na mara ya tatu ikatupwa. Tangu hapo maji yanaingia kwenye kava, kava inavimba, kapeti inanuka, na sakafu inaanza kuoza pembeni karibu na kizingiti. Mwenye gari anadhani kioo cha mbele kinavuja.

Nailoni ikiondoka, kelele nayo inapata mlango wazi. Yale matundu makubwa ya bati la ndani, ambayo fundi anapitisha mkono, yanaleta sauti ya nje moja kwa moja kwenye kava.

Fanya jaribio hili kabla hujanunua chochote. Ondoa kava, funga kioo juu, mtu mmoja amwage maji taratibu kwenye kioo kwa kopo, wewe uangalie ndani kwa tochi. Fuata maji yanakopita. Yanapaswa kuanza kutoka chini mara moja. Yakisimama, matundu yameziba kwa tope la vumbi na majani. Yazibue kwa kijiti au waya mwembamba, si kwa bisibisi itakayokwangua rangi na kuanzisha kutu mpya palepale.

Nikikuta kutu?

Chini ya mlango, pale bati la nje linapokunjwa juu ya la ndani, ndipo kutu hukaa. Ikiwa ni ya juu juu, iondoe kwa brashi ya waya na msasa, paka dawa ya kugeuza kutu, acha ikauke kama ilivyoandikwa kwenye kopo, kisha paka praima nyekundu ya kuzuia kutu na rangi. Ikiwa bisibisi inapenya ukibonyeza, kazi ya kelele isubiri. Upeleke mlango kwa fundi wa bodi akate na kuchomelea bati jipya. Magari ya Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar yana hatari zaidi kwa sababu ya chumvi ya bahari, na hata lile lililonunuliwa Dodoma huenda lilianzia pwani.

Kutu haitibiwi kwa kubandika kitu juu yake. Karatasi inashika rangi, rangi inashika kutu, kutu haishiki chochote; baada ya masika mawili vyote vitatu vinaanguka chini ya mlango na kuziba yale matundu ya maji.

Kuna karatasi za butili, za lami, tyubu, godoro, trei za mayai. Kipi ni kipi?

Karatasi za butili zenye foili ya aluminiamu juu ndizo ninazozipendekeza kwa bati la nje. Butili ni mpira laini unaonata. Bati likitetemeka, mpira unavutwa kati ya bati na foili, na nguvu ya mtetemo inageuka joto kidogo sana usilolihisi. Foili ndiyo inayoubana mpira ufanye kazi hiyo, kwa hiyo karatasi yenye foili nyembamba ya kuchanika kwa kucha ina faida ndogo. Unene wa milimita 2 unatosha kwa mlango.

Karatasi za lami, zile zinazouzwa kwa ajili ya kuziba mapaa, ni bei nafuu na zinanukia jinsi zilivyo. Mlango wa rangi nyeusi uliokaa juani mchana kutwa unapata joto kali, lami inalainika, inateleza na harufu inabaki ndani ya gari. Kwenye mlango, ambao bati lake limesimama wima, usizitumie.

Tyubu ya tairi inaulizwa sana, na swali ni zuri, kwa sababu tyubu nyingi nazo ni za butili. Tofauti ni kwamba mpira wa tyubu umeshapikwa kiwandani ukawa wa kuvutika na kurudi. Haumezi nguvu ya mtetemo kama butili laini inayonata. Tena lazima uubandike kwa gundi ya viatu, ambayo kwenye joto inaachia. Tyubu ina kazi yake nzuri mlangoni: kata vipande vidogo uvivishe kwenye fimbo za kitasa, uweke chini ya vichwa vya skrubu, au mahali vyuma viwili vinapogusana. Hapo ni bora kuliko vitu vingi vya dukani.

Vipande vya godoro usiviingize ndani ya mlango. Sponji ya godoro inanyonya maji na kuyakalia, na ikiwaka haizimiki kirahisi. Trei za mayai hazifanyi lolote kwa kelele ya gari.

Kisha kuna sponji nyeusi ya mafundi wa AC na majokofu, ile wanayofungia mabomba na mifereji ya hewa baridi. Inauzwa kwa shuka na unene mbalimbali, haipitishi maji kwa sababu vitundu vyake vimefungwa kimoja kimoja, na mara nyingi ni bei rahisi kuliko chochote chenye jina la gari juu ya boksi. Hiyo ndiyo ninayoipenda kwa joto na kwa kuondoa mlio wa kava. Haizuii sauti ya nje kwa uzito wake, wala haimezi sana sauti, ila inatenganisha vitu visigongane na inazuia joto vizuri.

Fundi ameniambia atapuliza povu la kuziba ndani ya mlango, lile linalovimba. Nikubali?

Usikubali. Povu hilo litafunika mashine ya kioo na fimbo za kitasa, litaziba njia ya maji, na likishakauka halitoki bila kukwanguliwa. Maji yatakaa kati ya povu na bati. Halafu siku kitasa kikiharibika, hakuna fundi atakayeweza kuingiza mkono.

Ni lazima nifunike bati lote?

Hapana, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Ukifunika robo hadi nusu ya bati la nje, katikati, ambako linatetemeka zaidi, umeshapata sehemu kubwa ya faida. Kuongeza hadi kufunika lote kunaleta uzito zaidi kuliko utulivu. Gonga bati, sikiliza linapolia, weka kipande pale, gonga tena. Sikio ndilo kipimo.

Kwa hesabu: mlango ambao eneo lake chini ya kioo ni mita 1 kwa sentimita 60 una mita za mraba 0.6. Nusu yake ni 0.3. Butili ya milimita 2 ina uzito wa takriban kilo 3 hadi 4 kwa mita ya mraba, kwa hiyo hapo umeongeza kama kilo 1. Kiasi hicho bawaba inakibeba bila shida.

Bati la ndani ni habari nyingine. Lile unataka kulifunga lote, yale matundu makubwa yazibwe, kwa sababu hapo unajenga ukuta wa pili wa sauti na kurudisha kazi ya nailoni. Soma swali la nailoni chini kabla hujabandika.

Kava inafunguliwaje bila kuvunja kitu?

Fungua skrubu za sehemu ya kuwekea mkono na za mkono wa kufungulia mlango. Mkono wa kupandishia kioo ndio unaowashinda watu, kwa sababu hauna skrubu inayoonekana. Nyuma yake, kati ya mkono na kava, kuna klipu ya waya yenye umbo la kiatu cha farasi. Chukua kitambaa chembamba, kipitishe nyuma ya mkono kwa juu, shika ncha mbili, kisha kivute kushoto na kulia kama unayefuta kiatu huku ukikibana kuelekea kwenye shina. Kitambaa kinanasa ncha ya klipu na kuirusha. Weka kiganja kingine kuidaka, maana inaruka mbali na ni ndogo. Kabla ya kuvuta, kumbuka mkono ulielekea upande gani kioo kikiwa juu, ili uurudishe vilevile.

Baada ya hapo kava imeshikwa na vibanio vya plastiki pembeni. Ingiza kijiko cha mbao au kifaa cha plastiki karibu kabisa na kila kibanio, sukuma nje kimoja kimoja. Ukivuta kava katikati itavunjika pale ilipoloa zamani. Nunua vibanio vipya kabla ya kuanza. Vya zamani vingi vitakatika, na kava iliyorudishwa na nusu ya vibanio italia kuliko ilivyokuwa.

Nibandikeje?

Safisha kwa maji na sabuni, acha ikauke kabisa, kisha futa kwa spiriti na kitambaa safi mpaka kitambaa kibaki cheupe. Kama kuna aliyewahi kumwagia mlango mafuta machafu ya injini ili kuzuia kutu, kama wengi wanavyofanya, utahitaji kurudia mara kadhaa. Butili haishiki mafuta.

Vaa glavu, maana kingo za foili zinakata. Shusha kioo mpaka chini na uangalie kinapita wapi, umbali gani na bati, na mashine yake inapita wapi. Pandisha tena. Usibandike chochote mahali hapo pasipobaki nafasi. Kata vipande vidogo vinavyopita kwenye matundu ya bati la ndani, ondoa karatasi ya nyuma, bandika kuanzia katikati, kisha kandamiza kwa rola ndogo. Foili nyingi zina michoro iliyoinuka. Endelea kukandamiza mpaka michoro hiyo ilale. Sehemu ambayo michoro bado imesimama haijashika.

Asubuhi za Julai Arusha au Njombe butili inakuwa ngumu. Weka karatasi juani kidogo kabla ya kuzitumia, au upashe bati kwa draya ya nywele.

Acha ukingo wa chini wa mlango wazi, upana wa vidole vinne hivi. Hapo ni njia ya maji.

Nailoni imeisha. Niweke nini?

Njia rahisi ni nailoni nzito ya ujenzi, ile inayotandikwa chini ya zege, iliyokatwa kwa umbo la ile ya zamani na kubandikwa kwa kamba ya butili inayouzwa kwa mafundi wa vioo. Usitumie silikoni yenye harufu ya siki: asidi yake inaanzisha kutu kwenye bati. Hakikisha ukingo wa chini wa nailoni unaingia ndani ya mlango.

Njia bora kwa kelele ni kuziba matundu makubwa kwa bati jembamba la aluminiamu au plastiki ngumu iliyofungwa kwa skrubu, kisha butili juu ya bati lote la ndani, kisha sponji nyeusi ya milimita 6 nyuma ya kava. Nasema skrubu kwa makusudi. Kitasa kitakufa siku moja, na fundi awe na njia ya kuingia bila kuchana kila kitu.

Hii itapunguza joto kwa sisi wa pwani?

Kidogo, na ni vizuri kujua kwa nini. Joto kubwa la jua linaingia kwa paa na vioo. Mlango unachangia pale jua linapoupiga ubavuni asubuhi na jioni, na unapoweka mkono au goti karibu nao. Butili yenyewe haizuii joto, hata yenye foili inayong'aa. Foili inaakisi joto pale tu inapotazama nafasi ya hewa. Ikibanwa kati ya bati na kava, kung'aa kwake hakuna kazi. Kinachozuia joto mlangoni ni sponji yenye vitundu vilivyofungwa, na kila milimita unayoongeza ina faida mpaka kava isiporudi mahali pake.

Ukiwa na AC, utaona tofauti zaidi: ubaridi unakaa kwa sababu mlango umeacha kuvuja hewa. Na kwa wenzetu wa Makete au Nyahururu, kazi hiyohiyo inashika joto la hita.

Vumbi?

Vumbi ni suala la mipira na kitasa. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka bila upinzani, pale mpira haugusi. Zunguka mlango mzima hivyo, hasa pembe ya juu ya nyuma na ukingo wa chini. Dereva anayetoka geti la Loduare la Ngorongoro kwenda geti la Naabi la Serengeti, kilomita kadhaa za changarawe iliyojikunja vijituta, anajua vumbi linaingia wapi kwenye gari lake. Alama ya unga mwekundu au mweupe juu ya mpira inaonyesha njia yenyewe.

Kabla ya kununua mpira mpya, legeza kile chuma cha kwenye nguzo ambacho kitasa hukishika, ukisogeze ndani kidogo, kaza, jaribu tena. Mara nyingi mlango ulikuwa haufungi hadi mwisho. Kama mpira umekakamaa na kupasuka, badilisha. Mpira mpya utafanya mlango uwe mgumu kufunga wiki za mwanzo, na hiyo ni dalili njema. Bawaba zikiwa zimelegea, mlango umeshuka, mpira mpya hautasaidia. Inua mlango ukiwa umefunguka, ukicheza juu chini shughulikia bawaba kwanza.

Hili la mipira ndilo ningelifanya kama ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu.

Milango ya nyuma ya mkonga je?

Ile miwili inayofunguka kama kabati inahitaji huduma ileile, na zaidi, kwa sababu nyuma ya gari linalotembea hewa inavutwa ndani pamoja na vumbi. Mlango unaobeba tairi la akiba huchoka bawaba mapema. Kaza kibeba tairi, angalia kama bati limepasuka karibu na mashimo yake, na uweke mpira chini ya sahani yake. Watalii wanaokaa siti ya mwisho watakushukuru.

Ninayo Defender. Kuna tofauti?

Ipo. Mlango wa Defender nyingi za zamani una fremu ya chuma na bati la nje la aluminiamu. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, aluminiamu inaliwa. Utaona rangi imevimba malengelenge na unga mweupe chini yake, kwenye kingo. Kwa hiyo ukavu ni muhimu maradufu. Usifunge skrubu za chuma kitupu kwenye aluminiamu bila kitu cha kutenganisha. Butili yenye foili haina tatizo hapo.

Defender pia ina nafasi kubwa kati ya mlango na bodi tangu ilipotoka Solihull, na fundi mzuri anayepanga bawaba na mipira anapunguza kelele ya upepo kuliko karatasi yoyote. Kwa zile 109 zenye vioo vya kutelezesha, badilisha reli za kioo zenye kitambaa; zikiisha, kioo kinagonga na hakuna kitu kingine kitakachokinyamazisha.

Nimemaliza, bado kuna kitu kinagonga.

Mwombe mtu aendeshe kwenye barabara mbaya, wewe kaa upande huo ukikandamiza sehemu moja moja kwa kiganja: kava, mkono wa kioo, kioo chenyewe, kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma. Kioo kikiwa nusu ndipo kinagonga? Reli zimeisha. Kikiwa juu kabisa kimetulia lakini mlango unagonga? Ni fimbo za kitasa au kitasa chenyewe.

Spika zitasikika vizuri zaidi?

Sana. Mlango uliozibwa matundu unaipa spika sanduku lake. Funga spika kwenye bati, si kwenye kava, na uweke kikinga maji juu yake, maana nyuma yake mvua inapita.

Nitajuaje kama imesaidia kweli?

Programu ya simu ya kupima desibeli haitakupa namba sahihi ya maabara, lakini inafaa kulinganisha. Pima kabla na baada: barabara ileile, mwendo uleule, upepo uleule wa matairi, vioo vimefungwa, simu mahali palepale. Usihuzunike namba ikishuka kidogo. Kipimo cha desibeli hakiendi kama kilo; kushuka kwa 3 ni nusu ya nguvu ya sauti, na kushuka kwa 10 sikio linasikia kama kelele imepungua nusu.

Kwa madereva wa safari hili si anasa. Kiwango kinachotumiwa sana kulinda masikio ya wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ongezeko la 3 muda salama unapungua nusu. Hardtop ya zamani kwenye lami kwa kasi, dirisha wazi, inaweza kufika huko. Mtu anayeendesha hivyo miaka 15 anapoteza usikivu polepole bila kujua, na kinachopotea hakirudi.

Vifaa nipate wapi?

Dar es Salaam, zunguka Gerezani na Kariakoo. Nairobi, Kirinyaga Road. Mipira ya milango nunua kwa namba ya chesesi, kwa sababu mipira ya HZJ75, yaani mkonga na pikapu za zamani za 1HZ, na ya magari yaliyokuja baada ya 1999 unaweza kuuziwa kama aina moja. Sponji nyeusi itafute kwa wauzaji wa vifaa vya majokofu. Kabla ya kununua shuka zima la kitu usichokijua, omba kipande, kipeleke nje, kiguse kwa kiberiti. Kikiendelea kuwaka baada ya kuondoa moto, kirudishe.

Naweza kupuliza nta ya kuzuia kutu ndani ya mlango?

Ndiyo, na fanya hivyo, ila iwe ya mwisho. Butili haishiki juu ya nta. Bandika kila kitu kwanza, kaa siku moja au mbili, kisha ingiza mrija mwembamba kupitia tundu la bati la ndani na upulize ukingo wote wa chini na kwenye mikunjo. Weka gazeti chini ya gari, acha nta ichuruzike, halafu pitisha kijiti kwenye kila tundu la maji kabla haijakauka.